Neno "Razza" Nililolitafsiri Nkololo

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nyuma ya gari. Nalisema wazi, kwa sababu vijana wanaosomea ukalimani wakinitembelea hapa Bariadi wanadhani nilizaliwa na utulivu huu. Ilikuwa Mwandoya, kwenye mradi wa visima wa Waitaliano, na mbele yangu walikaa wafugaji wasiopungua mia. Kiitaliano changu nilikiokota karakana ya misheni, kwa mafundi wa magari, kwa hiyo nilijua kutaja spana zote kabla sijajua kumwamkia mtu kwa adabu.

Bosi wangu wa kwanza, Mhandisi wa Visima, alinivuta pembeni.

"Umesema 'mzungu anasema'. Sitaki. Nikisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Wasikie maneno yangu, wasisikie habari zangu."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ukalimani wa kufuatia, yaani msemaji anasema kipande, ananyamaza, nawe unakitoa kwa lugha ya pili. Unavaa nafsi yake. Akiwa na hasira, wewe ndiye mwenye hasira. Nilijifunza vizuri mno, na nilijivunia.

Kutoka Mwandoya nilihamishiwa Nkoma, chini ya Mratibu wa Mifugo, mtu wa kelele lakini mwenye huruma. Yeye alileta madume wa ng'ombe wa kigeni wapandishwe kwa majike wetu. Hapo ndipo nilipojifunza neno "razza". Mratibu alilitamka mara hamsini kwa siku, nami nikalitafsiri kama wafugaji wenyewe wanavyosema: mbegu. Ng'ombe huyu ni wa mbegu gani? Waliozaliwa kwa mchanganyiko tuliwaita chotara. Walikuwa wazuri kuwatazama, ila ukame ulipokuja walianguka wa kwanza, na wazee hawakusahau.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ulinikuta Bariadi mjini, ofisini kwa Mkurugenzi wa Mradi. Asubuhi moja aliniita akiwa hana raha.

"Kuna mgeni kutoka kwetu. Mwanasiasa wa chama kidogo sana, hata bungeni hawana mtu. Ameleta pampu. Tafsiri tu, mzee, jioni anaondoka."

Tukaenda Nkololo. Mgeni alikuwa mpole, amenyoa vizuri, akasalimia "Mwangaluka" kama alivyofundishwa garini, na watu wakacheka kwa furaha. Akasema kila watu wana ardhi yao, na anayekupenda hukusaidia ubaki kwenye ardhi yako. Nikatafsiri. Kisha akasema "razza".

Mbele yangu kulikuwa na ng'ombe wanakunywa maji. Mimi nikasikia ng'ombe. Nikapaza sauti: "Tulinde mbegu yetu, isichanganywe! Chotara hana kwao!"

Mzee Masunga, aliyepoteza chotara wake wote kwa ukame, alisimama na fimbo yake juu. "Ng'hana! Kweli kabisa! Wabeja, asante, mgeni! Hao chotara wamenimaliza!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Msaidizi wa mgeni alikuwa anarekodi kwa simu.

Kuna ishara katika kazi yetu: mkalimani huinua mkono na kuuliza, "Una maana gani hapo?" Hakuna anayekukasirikia. Sikuinua. Nilijiona nalijua neno lile kuliko mwenyewe.

Wakati wa kuagana mgeni alinipa kijitabu cha chama chake. Nilikisoma nyumbani kwa kamusi, hadi ukurasa wa mwisho. Kwao "razza" haikuwa ng'ombe, ilikuwa watu: taifa ni damu. Anayezaliwa kwa wazazi wa damu mbili ni doa, na mgeni arudishwe kwao hata kama ameoa huko. Walimsifu yule dikteta wao wa zamani, ambaye wafuasi wake walivaa mashati meusi, kama vile hakuua mtu. Msaada kwetu ulikuwa na ukurasa wake: tuchimbiwe visima ili tusivuke bahari.

Nami nina binti huko. Minza ni muuguzi wa wazee katika mji mdogo wa kaskazini, ameolewa na Mwitaliano mwokaji mikate, na wakati ule alikuwa na mimba ya miezi saba.

Alinipigia baada ya wiki chache. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Baba, ulikuwa Nkololo?"

"Nilikuwepo, ng'wanone. Kuna nini?"

"Shemeji yangu ameingia kwenye hicho chama. Jana alituonyesha video mezani. Wazee wanapiga makofi, sauti inasema chotara hana kwao. Chini wameandika kwa Kiitaliano kwamba hata Waafrika wenyewe wanasema hivyo. Baba, sauti ni yako."

Nilimweleza habari ya ng'ombe, habari ya "mimi". Nikamwambia nitajirekodi nisahihishe, niwatumie wote.

"Usithubutu! Wiki iliyopita wenzake wameupaka rangi na matusi mlango wa jirani yetu Msenegali. Wakijua wewe ni baba wa nani, wataujua na mlango wangu. Mume wangu nimemwambia umepasuliwa koo, huwezi kusema tena. Ile ya video bado hajaitambua, lakini akikusikia tena simuni ataitambua, Baba, na ndugu yake atajua. Naomba usiseme."

Nimestaafu tangu hapo. Vijana wakiniuliza kazi inataka nini, nawaambia inueni mkono, ulizeni, hata neno mlilolitumia miaka yote. Sababu siwaambii. Naogopa hata kuandika haya, na majina ya watu nimeyabadilisha.

Mjukuu amezaliwa salama. Kila Jumapili mchana wanapiga simu ya picha, na shemeji mtu huwa hapo hapo mezani, anakula. Mke wangu ndiye anayeongea. Mimi natabasamu, napunga mkono, nimefunga kitambaa shingoni kama mgonjwa. Mtoto ana macho ya Minza.

Jumapili iliyopita mkwe wangu alimshika mtoto mkono, akasogea karibu na simu. Alikuwa amejifunza neno jipya kwa ajili yangu, akalitamka taratibu asikosee.

"Shikamoo, baba."

Akangoja. Mke wangu akanitazama, shemeji naye akainua uso kutoka kwenye sahani. Nikafunga mdomo.