Nilikuwa Nimeivaa

Daktari alinishika kidevu, akachomoa kitu kwenye jicho langu la kushoto, akakidondosha kwenye kibakuli cha bati. Nikakisikia kinalia. Siku hiyo, mwanangu, ndiyo ninayoamka nayo kila asubuhi mpaka leo.

"Umesema uligongwa na jiwe?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, nilikuwa nagonga kokoto. Akakisogeza kibakuli mbele ya jicho lililobaki.

"Angalia, dada. Jiwe gani hili?"

Kilikuwa kipande cha kioo cheusi. Mawe ya kule juu Buzuruga, tulikokuwa tunagonga, hayako hivyo. Kilikuwa kioo cha miwani niliyopewa kazini ili inilinde.

Jicho halikurudi. Na nilipotoka hospitali nikiwa na bandeji, maneno yalikuwa yameshavuka kivuko cha Kamanga kabla yangu, yakanipokea nyumbani Sengerema: Kabula alipewa miwani, akaivua kwa kiburi, jiwe likampata. Aliyeyasema ni Masalu, msimamizi wetu. Namtaja kwa jina na nitamtaja tena. Mama yangu mzazi aliyaamini. Alinipikia uji, akanipepea nzi, lakini kila akinitazama alikuwa anasema, "Ungeivaa tu, mwanangu. Ungeivaa tu." Akaenda kaburini na neno hilo.

Nilikuwa nimeivaa.

Sasa nirudi nyuma, maana wewe kijana unaweza kuniona mama mwenye hasira tu, usijue zimetoka wapi.

Nilivuka kuja mjini nikiwa msichana, shule nimeiacha darasa la nne, nikafikia kwa mama mkubwa Nyanzala. Yeye alikuwa mgonga kokoto wa siku nyingi. Mwanza yetu hii unaijua, kila ukigeuka ni jiwe, na jiwe ndilo lililotulisha. Wanaume walikuwa wanachoma matairi juu ya mwamba mpaka unapasuka, wanavunja mapande, na sisi wanawake tunakaa chini ya turubai na nyundo. Unachukua pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, unaizungushia jiwe lisiruke, unagonga. Lakini mpira unazuia jiwe, hauzuii chembe. Chembe zinaruka juu, na juu ndiko uliko uso wako umeinama.

Mama mkubwa alikuwa na chombo chake. Alichukua machujio mawili ya chai, yale ya waya, akakata vishikio vyake, akayashonea kwenye ukanda wa mpira wa baiskeli, akawa anafunga kisogoni. Anaonekana kama nzi mkubwa. Sisi wasichana tulikuwa tunakufa kwa kicheko.

"Mama mkubwa, leo unachuja majani au machozi?"

"Nachuja upumbavu wenu," anasema, na nyundo haisimami. "Chekeni. Macho hayauzwi pale wanapouza spea za pikipiki."

Alinishonea na mimi. Nikavaa. Nataka ulielewe hilo vizuri, mimi sikuwa msichana wa kukataa kinga. Nilivaa machujio yangu kila siku, na wanaume wanaopita na toroli wananiita Inzi, na mimi nawajibu kwamba hata inzi anaona anakotua.

Kisha ukaja mradi wa barabara. Wakataka kokoto ndogo, nyingi, kwa haraka, na wakamweka Masalu awe msimamizi. Kijana bado, anaongea vizuri, ukimwamkia anakuuliza mpaka habari za kuku. Siku moja akaja na boksi. Akatutangazia kwamba wageni wa mradi watakuja kutembelea, na kuanzia sasa kila mtu atavaa miwani ya kazi. Akatugawia. Nyeusi, inang'aa, ukijitazama kwenye ya mwenzako unajiona. Wasichana wakaanza kupozi.

Mama mkubwa akaishika yake, akaigonga kwa ukucha. Akaivaa, akainama juu ya jiwe, akaivua.

"Masalu, mwanangu, na hii jiwe silioni. Mshipa wake uko wapi? Nitagonga wapi?"

"Utazoea, mama."

"Na hiki ni kioo."

"Miwani ni miwani, mama," Masalu akasema, na huku anacheka. "Hayo machujio yako yapeleke jikoni. Wageni wakiyaona tutaaibika."

Mama mkubwa alikataa. Akaambiwa asikae chini ya turubai mpaka wageni waondoke, na wageni walipoondoka, nafasi yake ikawa na mtu mwingine. Mimi nilibaki. Nilikuwa na mtoto mgongoni na sikuwa na pa kwenda. Masalu akayachukua machujio yangu kwa mkono wake mwenyewe, akayatupa kwenye kifusi.

Nikwambie ilivyokuwa kufanya kazi na miwani ile. Jua la saa saba, jasho linashuka, mvuke unajaa ndani ya kioo, unaona kama uko chini ya ziwa. Ukiinama inateleza puani. Na mimi macho yangu yalikuwa hayajawahi kuwa mazuri, kwa hiyo nikawa nasogeza uso ili niuone mshipa wa jiwe. Nikausogeza. Nikausogeza tena. Nikagonga. Chembe ikapiga kioo, kioo kikapasukia ndani.

Ni hivyo tu. Kuvua sikuvua. Kama ningeivua ingenipata chembe, pengine ningesafisha kwa maji nikaendelea, kama tulivyofanya mara zote.

Miaka ilipita nikijua kwamba ni kioo, lakini sikujua ni kioo gani. Nikaja kujua stendi ya Buzuruga, kwa Sospeter, mwenye duka la mabegi na kofia. Nilikwenda kununua begi la shule. Akaniona jicho, akauliza, nikamsimulia. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeongea na kaunta:

"Yule Masalu alinunua kwangu. Nilimwambia hizi ni za jua, ni za kwendea harusini. Akasema, hao watajuaje?"

"Na wewe ukafanya nini?"

"Mama, mimi ni mfanyabiashara."

Hilo ndilo jibu lake. Na wewe Sospeter nakutaja. Ulijua zinakwenda kwenye mawe. Ulifunga boksi kwa kamba, ukampatia na kalamu ya zawadi.

Sitaki uamini kwamba watu wote ni hivyo, maana hasira ikinishika nasahau wema. Jicho la kulia lilipoanza kuchoka, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile ya kibakuli. Nilikuwa nimerudi kwenye mawe, ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Nikapelekwa kwa binti mmoja wa Kihaya, Kokushubira, wote wanamwita Koku, anapima macho na kutengeneza miwani. Nilidhani ataniweka mbele ya herufi za ukutani basi. Yeye akaniuliza kwanza:

"Shikamoo, mama. Unafanya kazi gani?"

Niliitikia marahaba. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunipa miwani akaniuliza swali hilo.

Nikamwambia. Akasema, "Kaa chini hapo sakafuni, mama. Gonga." Gonga nini? "Gonga kama uko kazini." Nikakaa, na watu kwenye foleni wanachungulia mlangoni wanacheka, nikagonga hewa. Akapiga magoti, akashika uzi, akapima kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye mkono wangu. Akaniambia miwani ya kusomea inaona umbali wa kitabu, na jiwe langu liko mbali kidogo kuliko kitabu, nikipewa hiyo nitasogeza uso tena. Nikamweleza machujio ya mama mkubwa. Hakucheka. Alitaka nimchoree.

"Huyo mama alikuwa na nusu ya jibu," akasema. "Waya unazuia chembe kubwa na haushiki mvuke. Vumbi ndilo linapita. Hiyo nusu nyingine niachie mimi."

Akanitengenezea. Lenzi za plastiki ngumu, nyeupe kama maji, zimepimwa kwa umbali wa jiwe langu. Pembeni zimezibwa, juu kuna vitundu vya kutolea mvuke. Mikono ya miwani akaitoa, akaweka ukanda, maana mtu wa kuinama mikono haimsaidii. Na mbele akaning'iniza waya unaoinuka na kushuka kama kope. Mama mkubwa alikuwa bado hai. Alipoiona aliipokea, akaivaa, akainama nayo. Akasema tu, "Masalu angetupa na hii."

Kwa Koku nilikutana na watu ambao sikujua wana shida moja na mimi. Fundi wa kuchomelea boti za bati, haoni karibu na barakoa yake haikubali miwani ndani. Akamwekea lenzi ndani ya barakoa yenyewe. Kijana anayezamia kukwamua nyavu, akambandikia lenzi kwenye miwani yake ya mbizi. Mzee mpiga kinanda wa kwaya, miaka yote anaambiwa amezeeka anakosea noti, kumbe karatasi ya noti iko mbali kuliko kitabu na karibu kuliko mwalimu wa kwaya. Wote aliwauliza swali lilelile.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeshapoa. Lakini mwezi huu Limi, mtoto wa mdogo wangu, amepata kazi kwenye machimbo ya kokoto. Akaja nyumbani anafurahi.

"Mama mkubwa, tumepewa vifaa!" Akavaa. Nyeusi, inang'aa. Nikajiona humo na jicho langu moja.

Nikamuuliza, bosi wako nani? Masalu. Siku hizi ana kampuni yake.

Nilikwenda. Alinipokea vizuri, akavuta kiti, "Karibu dada Kabula, chai au soda?" Nikaweka kipande changu mezani, kile cha kwenye kibakuli, nilichomwomba daktari, nakitunza kwenye boksi la kiberiti. Nikamwambia, waite vijana wako, waambie nilikuwa nimeivaa.

Akakisukuma kwa kidole. "Dada, ya zamani hayo. Na ukweli unaujua. Ungeivaa, leo ungekuwa na macho mawili."

Alinitazama jichoni, akasema hivyo.

Limi ananiuliza, "Nikiikataa, si atanifukuza?" Mwanangu, sikudanganyi, anaweza. Mama mkubwa Nyanzala alifukuzwa. Alikufa akiwa na macho mawili.

Kwa hiyo nakuusia, wewe na Limi na kila anayekwenda kazini asubuhi. Mtu akikupa miwani, kabla hujamshukuru, muulize kama anajua kazi yako. Kama hajakuona umekaa, umeinama, unatoka jasho, hajui macho yako yanahitaji nini. Igonge kwa ukucha kama mama mkubwa. Inama nayo. Ikikuficha kazi yako, irudishe. Na ukiumia, sema siku hiyohiyo ulikuwa umevaa nini, tena sema kwa sauti, kabla msimamizi hajasema kwa niaba yako. Mungu akutunzie macho yako yote mawili, uwaone wajukuu, uzeeke ukitunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtoto.

Na wewe, Masalu. Jumatatu asubuhi unapowapanga vijana wako, nitakuwa nimekaa pale getini, na kile kipande mkononi, ndani ya boksi lake la kiberiti. Sitaki chai yako. Nataka uivae mwenyewe miwani unayowapa, uiname, ugonge jiwe moja mbele yao. Ukishindwa, waambie ni kwa nini. Kisha useme maneno matatu ambayo mama yangu hakuyasikia: Kabula alikuwa ameivaa.