Nilisema Hadithi ni Zangu, Sasa Mjukuu Wangu Anaitwa Mwizi

Admin, ficha jina yangu. Nakutumia sauti kwa sababu mimi na kalamu hatujawahi salimiana. Wewe andika vile naongea, usinitengenezee Kiswahili ati nionekane mwalimu.

Mimi ni mzee wa sabini na kitu. Hiyo kitu siijui, mama yangu alikumbuka tu ilikuwa wakati wa nzige. Nakaa Kitale, niko na shamba ya mahindi na mdomo, na mdomo ndio inajulikana zaidi. Uliza soko yote kama kuna mwenye ananishinda kwa hadithi, watakucheka. Ile ya vile nilivusha ng'ombe pale Suam, mpaka wa Uganda, nikiwa nimeibeba mgongoni, ndio askari wasione alama ya kwato, imefanya watu wasahau kabeji yenye walikuja kununua. Hapa nimegeuza vitu kidogo ndio msinijue. Haikuwa ng'ombe.

Mjukuu wangu, tumuite Nafula, ni mtoto wa binti yangu mwenye aliolewa Bungoma. Binti alirudi kwangu akiwa mgonjwa, Nafula akiwa mdogo, na ni hapa kwangu alifia. Nafula nikamlea na hadithi. Siku hizi anafundisha huko Bungoma, na aliandika kitabu. Hiyo kitabu ikaingia ile shindano ya TV, yenye mwandishi anasoma kidogo, majaji wanauliza maswali, halafu watu wanapiga kura na simu. Akavuka, akavuka tena, mpaka fainali.

Si mimi nikaanza kutembea soko na kifua mbele! Msichana mmoja wa hizi peji za habari akanikuta, simu mkononi, akaniita Guka, yaani babu, kama watu wote wa soko. "Guka, ni kweli wewe ndio ulimfundisha hadithi?"

"Kumfundisha? Hizo hadithi zote ni zangu! Na yeye mwenyewe ni wangu!"

Tukacheka, akaenda. Hiyo ya "yeye mwenyewe ni wangu" akaikata.

Ikafika jioni niko kwa kila simu. Juu wameandika, "Mzee alia, mjukuu ameniibia hadithi." Kulia wapi, bana, na nilikuwa nacheka mpaka gego inaonekana? Watu wakashea kama moto. Wakanipatia cheo, Guka wa Taifa. Komenti ni "Haki kwa mzee!" na "Huyo mwizi asipewe kura." Mwingine akashika vile Nafula alitamka "rafiki" akisoma kwa TV, akasema, "Ati 'lafiki yangu'! Kusoma hajui na kitabu si yake." Hiyo ya "lafiki" wakaifanya wimbo. Mtu mmoja aliuliza, "Lakini kuna mwenye amesoma hiyo kitabu?" Wakamuuliza kama ni bwana ya huyo mwizi. Maelfu ya watu wanabishana juu ya kitabu na hakuna mwenye ameifungua. Hata mimi.

Nafula akanipigia.

"Guka, ulisema hadithi ni zako?"

"Nilisema, mami, lakini walikata..."

"Na kitabu ulisomewa?"

Nikaleta mzaha. "Nisomewe nini, na ni mimi niliitunga?"

Halafu akasema, "Sawa, Guka." Hiyo "sawa" bado iko hapa kwa sikio.

Nikamtafuta yule msichana anirekodi tena. Nikasema wazi, kitabu ni ya Nafula. Wah! Komenti zikasema nimetishwa. "Angalieni macho ya mzee, amelishwa maneno." Ati nisiogope, watanipigania.

Cucu, mke wangu, ndio alikuwa na hiyo kitabu, Nafula alimpatia. Siku moja tukipukuchua mahindi nikamwambia, nisomee nijue amechukua gani, ya ng'ombe ama ya fisi. Akasoma. Ng'ombe hakuna. Fisi hakuna. Ni ya msichana mdogo mwenye mama yake ni mgonjwa kwa chumba ya pili. Kuna mzee anapiga domo, na kila mama akikohoa, mzee anaongeza sauti. Mtoto anajua mzee anadanganya. Anacheka tu ndio mzee asinyamaze.

Cucu akaweka kitabu chini. "Kumbe alikuwa anasikia?"

Mimi nikaendelea kupukuchua.

Nilidhani nilimficha. Miaka hiyo yote nilidhani anacheka kwa sababu mimi ni fundi. Hiyo hadithi sijawahi ambia mtu. Si yangu.

Tangu hapo niko tu. Singesema ni huzuni, huzuni naijua. Chai inapoa nikiiangalia. Soko wananiambia, "Guka, tupatie ya ng'ombe," nafungua mdomo, hakuna kitu inatoka. Wanadhani ni mzaha mpya, wanacheka.

Fainali ni Jumapili. Watu wa TV wananitaka laivu. Nikisema tu si yangu, watasema nimelishwa maneno. Kitu yenye wanaweza kuamini ni niwaambie ya chumba ya pili, vile binti yangu alikohoa mpaka mwisho. Lakini majaji walimuuliza Nafula kama hiyo kitabu ni maisha yake. Akawaangalia, akasema, "Hapana, nimebuni." Na mmeona vile walifanya na "lafiki" peke yake. Wakipewa kikohozi ya mama yake, wataifanya nini? Na nikinyamaza, anabaki mwizi.

Jana nilimpigia nimuulize mwenyewe. Akashika, nikasikia watoto nyuma yake wakisoma kwa sauti. Badala ya kuuliza, mdomo ikatoka na ile yenye inajua: "Mami, nilikuambia vile nilibeba ng'ombe pale Suam?"

Akacheka. Akacheka sana, ile ya zamani. Na sasa mimi najua hiyo kicheko ni ya nini.

Nyinyi wenye mlisoma, niambieni mzee. Jumapili nifungue huu mdomo, ama niufunge?