Gitaa Moja, Mikono ya Watu Wawili

Saa moja asubuhi, katika kiwanda cha nyama ya kuku, kisu cha Raylene Cantrell kinapita kwenye paja la kuku, kinageuka, kinapita tena. Mapaja thelathini na tano kwa dakika. Masikio kayaziba kwa sababu ya kelele, lakini midomo inacheza. Anatunga wimbo.

"Mashine zinanipa mapigo bure," anasema. "Wenzangu kule Nashville wanamlipa mpiga ngoma."

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa milima ya kaskazini mwa Georgia, Marekani, ni mwimbaji wa kantri, muziki wa mashambani ambao makao yake ni Nashville, asiye na kampuni wala meneja. Albamu zake tatu kazigharamia mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja ameuza nakala mia sita na arobaini, nyingi kutoka kwenye buti ya gari lake, nje ya makanisa na minada ya ng'ombe.

Kiwanda kilichompa nyimbo ndicho kinachomnyang'anya gitaa. Tangu mwaka jana, vidole vitatu vya mkono wa kushoto, ule unaomshika kuku, vimekufa ganzi. Daktari anataka kumpasua kifundo cha mkono, kisha apumzike wiki nane. Likizo yake yote aliimaliza akimpeleka hospitali mumewe, Hoyt, ambaye husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Akikaa nyumbani, kazi imekwenda, na bima ya matibabu ya Hoyt, inayotokana na kazi hiyo, imekwenda nayo.

"Nichague vidole au nichague Hoyt?" anauliza, akicheka kicheko kikavu. "Kuna siku ananiudhi mpaka nakaribia kuchagua vidole."

Huko si kuchagua. Ni kukabwa koo.

Alasiri, barazani kwao, wamebanana kwenye benchi moja, gitaa likiwa limelala mapajani mwa wote wawili. Mkono wa kushoto wa Hoyt, dereva wa zamani wa lori la magogo ambaye hajawahi kupiga hata filimbi, unabana nyuzi. Wa kulia wa Raylene unacharaza. Nyimbo zake nyingi zinahitaji mikao mitatu tu ya vidole. Hoyt anayo miwili na nusu.

"Mzee, hiyo ni shingo ya gitaa, si ya kuku! Legeza!"

"Nikibana unalalamika, nikilegeza unalalamika. Sasa nifanyeje, mama?"

"Haya, tena. Toka mwanzo."

Jumamosi mchana wataimba kwenye hafla ya kikosi cha zimamoto cha kujitolea, ambako Raylene ameimba kila mwaka tangu ana miaka kumi na tisa. Wimbo ni ule alioutunga walipooana, wa kuchezeka. Kila wakiujaribu, vidole vya Hoyt vinachelewa kufika mkao wa tatu, na sauti ya mkewe inabaki peke yake.

Raylene haongelei tena kupona. Anataka waumalize wimbo mpaka mwisho, basi.

"Nimeupunguza mwendo," anasema.

"Watu watadhani ni wa msiba," Hoyt anadakia, bado anatafuta uzi.

"Waache wadhani. Nikifika pale penye mkao wa tatu, navuta pumzi, nakungoja."