Neno la Siri la Chef

Mnisamehe mwandiko na makosa. Nilifika darasa la sita tu, na kalamu yangu hutembea polepole.

Katika ofisi ya mgodi ninapofanya kazi, hapa Lubumbashi, chef, mkubwa wetu, alinifundisha kompyuta. Mtu akisahau neno lake la siri, naandika passwd, kisha jina lake, kisha neno jipya mara mbili. Wiki iliyopita chef alitoka, akaniachia mashine yake wazi. Mara Mama Ngoie, sekreteri, akaja mbio. Alikuwa amesahau neno lake, na orodha ya unga wa wafanyakazi ilitakiwa siku ile ile.

"Petit, unitieko Bukari," akasema akicheka. "Ile siwezi kuisahabu."

Bukari, yaani ugali, ndilo jina tunalomwita chef kwa siri, kwa sababu saa sita ikigonga anakimbilia sahani. Kwa haraka na aibu niliandika passwd, nikasahau kuongeza jina la Mama Ngoie. Nikatia neno mara mbili, nikafunga. Kumbe usipotaja jina, mashine hubadilisha neno la mwenyewe, yaani chef!

Chef aliporudi, mashine ikamkataa mara tatu. Nikakiri nimeigusa.

"Ulitia neno gani? Sema herufi moja moja, bantu banangoya bunga!" Kweli, watu walikuwa wakingoja unga wao.

Nikasema B. Nikasema U. Nilipofika K, alinigeukia, akanitazama sana, halafu akaandika zile tatu zilizobaki yeye mwenyewe. Mashine ikafunguka.

Wasomaji, niandikieni tafadhali: nani alimwambia?