Ng'ombe wa Mlanguzi

Nilipotoka chuo kikuu na kupangiwa kazi Shinyanga mjini, miaka ya sabini, niliidharau pesa kwa bidii ileile ambayo watu wengine waliitumia kuitafuta. Mshahara niliupokea, lakini kwa uso wa mtu anayeshikishwa kitu kinachonuka. Mashati yangu mazuri niliyaacha sandukuni nikavaa lililochanika kola, na njia nzima nikawa najiuliza kama limechanika vya kutosha, au watu watadhani nimelichana mwenyewe.

Tulikuwa kikundi cha wasomi wachache. Jumapili tulikutana Ngokolo, sebuleni kwa mwenyekiti wetu, kujadili ukombozi wa mkulima. Mkulima mwenyewe hakuwahi kualikwa. Tulikubaliana kwamba harakati ikiguswa na pesa inaoza. Mke wa mwenyekiti alituletea chai yenye sukari ya kutosha, wakati ambao madukani sukari ilikuwa haionekani, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Mimi niliwaza kuuliza. Niliwaza mpaka chai ikapoa.

Shangazi yangu aliishi kijijini, kupita Ibadakuli. Kiangazi alipata maji kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka, akangoja shimo litoe tope, tope litulie, ndipo achote kwa kibuyu. Mgongo ulikuwa umeanza kumgomea. Kijiji kilitaka lambo, na lambo lilipaswa kuchimbwa kabla ya mvua. Zikinyesha kabla tuta halijainuka, maji yangejiendea kama kila mwaka, naye angerudi mchangani.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Nichimbie."

Nikalipeleka jambo hilo kwenye kikundi. Wenzangu walifurahi sana. Hatimaye tulikuwa tumepata mkulima.

Kwa Wasukuma kazi kubwa namna hiyo hufanywa na vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Unamwendea, mnakubaliana ng'ombe, vijana wanakuja na majembe na ngoma, wanachimba, ng'ombe anachinjwa, wanakula. Mwenyekiti wetu aliposikia habari za ng'ombe alikunja uso.

"Huo ni ujira uliovalishwa ngozi," alisema.

Tukaamua watachimba kwa mwamko.

Siku ilipofika tulikwenda na hotuba. Vijana walikuja wengi, majembe begani. Nsumba ntale, jamaa mfupi mwenye sauti ya kupasua, aliisikiliza hotuba yote kwa adabu, kisha akaanza kuzunguka vichakani akichungulia.

"Unatafuta nini, ndugu?" mwenyekiti akamuuliza.

"Ng'ombe. Mmemfunga wapi?"

"Leo tunajitolea."

"Vizuri. Ninyi mmetoa nini?"

"Mawazo," mwenyekiti akasema, wala hakuwa anatania.

"Basi tuchinjieni hayo."

Vijana wakaondoka wakiimba wimbo walioutunga palepale, juu ya wasomi wanaochimba kwa ulimi na udongo hausogei. Ulikuwa wimbo mzuri. Shangazi aliuimba njia nzima hadi nyumbani, nami nikimfuata nyuma.

Siku chache baadaye tukapata salamu. Mtu mmoja mzaliwa wa kijiji kile, aliyetajirikia upande wa Geita kwa kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa magendo, alikuwa amesikia kisa chetu na sasa anatoa dume la ng'ombe. Nilimjua. Mizani yake ilisifika kwa uongo hadi Shinyanga. Wachimbaji waliponea chupuchupu kule shimoni, kisha wakaja kuporwa juani, kwenye meza yake. Mtu wa hovyo kabisa, mwenye saa iliyomlegea mkononi kusudi apate kuitikisa anapozungumza.

Tukakaa kikao. Je, ng'ombe aliyenunuliwa kwa pesa chafu naye ni mchafu? Mmoja akasema uchafu unaingia hadi kwenye nyama. Mwingine akasema hapana, unabaki kwenye noti. Mimi niliona ukweli pande zote mbili, tena nikaona upande wa tatu ambao hakuna aliyeutaja, nikautaja, na Jumapili nyingine ikateketea. Nje mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mwishowe tukamkataa ng'ombe kwa kauli moja, tukaagana kwa kupeana mikono, wasafi kama vikombe.

Nilikwenda kumweleza shangazi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Sema."

"Tumemkataa yule ng'ombe, shangazi. Pesa ya yule mtu—"

"Namjua kuliko wewe. Mwizi tangu anachunga mbuzi." Akaendelea kupepeta mtama wake. "Ng'ombe yuko nyuma ya nyumba. Usipite karibu, anapiga teke."

Alikuwa amemfuata mlanguzi mwenyewe, hakumwomba mtu ruhusa.

Vijana walirudi na majembe yao, na tuta likakamilika mvua ikiwa bado inanguruma kwa mbali. Siku ya nyama kikundi chetu kilikuja kutazama. Mwenyekiti alitangaza kwamba yeye hatatia mdomoni kitu kilichotoka kwa mlanguzi. Sinia la maini lilipopita akasema kukataa kila kitu kungekuwa kudharau mila za watu, akala, akachokonoa meno.

Mvua zikanyesha, lambo likajaa. Asubuhi moja nikiwa pale na shangazi, mlanguzi akaja na Landrova, na nyuma yake wachungaji wakiswaga kundi kubwa la ng'ombe. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Nyuma yao mbuzi, halafu ng'ombe wa wanakijiji, na nsumba ntale na vijana wake wakisimamia zamu.

"Wapisheni," alisema, kisha akamgeukia shangazi. "Mayu, mama yangu, toa ndoo yako. Lambo limechimbwa kwa ng'ombe wangu."

Kundi lile lingeingia, maji yangegeuka tope kabla shangazi hajajaza ndoo. Nami, badala ya kuogopa hilo, nilihisi raha: tulisema! Raha hiyo ilinikaa kifuani kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Shangazi hakusogea. "Ng'ombe wako yuko tumboni mwa vijana hawa. Kamdai huko."

Watu wakacheka. Mlanguzi akatikisa saa yake, akatoa noti, akamshikisha nsumba ntale bila hata kumtazama. Nsumba ntale akaipokea, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Wabeja sana, baba, asante," akasema. "Foleni inaishia kule, nyuma ya ng'ombe wa kijiji."

Vijana wakajipanga juu ya tuta na fimbo zao. Mlanguzi akaingia kwenye gari, akatoka, akaingia tena. Kisha akangoja. Tajiri wa dhahabu akamngoja mbuzi kilema anywe.

Sisi tuliiogopa pesa kama pepo, na woga huo tukauita dharau. Kumbe hatukuwahi kuidharau hata siku moja. Tuliiamini kuliko mlanguzi mwenyewe, maana tulikuwa na hakika kwamba popote itakapowekwa itatawala. Watu hawa waliipokea, wakaila, wakaiweka nyuma ya mbuzi.

Ila ile noti mfukoni ilianza kunisumbua. Je, haikuwa rushwa? Na aliyepokea rushwa akakataa kuitekeleza ni mwizi au ni mwadilifu? Na vijana wenzake, je, wana haki ya—

"Beba ndoo," shangazi akasema. "Au nayo mpaka ikaliwe kikao?"

Nikaitwika kichwani. Ilikuwa imejaa, ikanimwagikia shingoni.