Ngoma ya Tatu

Siku ile naikumbuka mpaka vumbi lake, mwanangu. Ilikuwa Lalago, pamba imeshauzwa, watu wameshiba, na uwanja wa ngoma umefagiliwa tangu alfajiri. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa na redio kaseti. Usicheke. Siku hizo mwenye redio kaseti alisalimiwa kabla ya mwenyekiti. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Mwanza ndiye aliyeniachia, na mimi niliibeba begani kutwa nzima, hata nikienda kunywesha ng'ombe. Kiburi nilichokuwa nacho, we acha tu.

Huenda hujaona ngoma zetu zinavyoshindana, basi nikueleze kidogo. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya sisi Wasukuma, na havichezi kwa zamu. Vinacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake, njuga zake, na mwimbaji wake mkuu tunayemwita ningi. Waamuzi ni miguu ya watazamaji. Ukiwapendeza wanakukimbilia, ukiwachosha wanahamia kwa mwenzako bila kukuaga. Kwa hiyo kila upande unapiga kwa nguvu zake zote ili kuufunika upande wa pili, na mtu husimama na watu wake. Sisi nyumbani tulikuwa Bagalu.

Ningi wetu alikuwa Mzee Sayi, mtu mwembamba, mpole, ambaye akifungua kinywa hata ng'ombe wanaacha kutafuna. Mwaka ule kifua kilikuwa kinamsumbua. Aliniita kabla ngoma hazijaanza, akaniambia kwamba msimu huu ni wake wa mwisho, na kwamba tangu aanze kuimba hakuna aliyewahi kumrekodi. Akaniomba nimrekodi siku hiyo. Ila akaweka sharti moja: nisisimame upande wetu. Nisimame katikati kabisa, kati ya Bagika na Bagalu, na nisiondoke hapo mpaka kaseti iishe.

Nilikubali kwa shingo upande. Moyoni nilisema mzee amechanganyikiwa na dawa za kifua. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikasimama hapo hapo alipotaka, nikapigwa vumbi la pande zote mbili mpaka kope zikawa nyekundu.

Jioni nikaisikiliza nyumbani, nikaona aibu. Hakukuwa na wimbo wa kueleweka. Bagika wanakwenda mbio, sisi tunakwenda taratibu, njuga za huku zinaingia kwenye maneno ya kule, kuna mama anapiga vigelegele karibu na redio, na upepo unavuma juu ya vyote. Nikajua watu wakisikia hii watasema Masanja hajui kurekodi. Na kaseti nilikuwa nayo hiyo moja. Kesho yake redio ilipoanza kupiga muziki wa dansi, nikabonyeza, nikarekodi juu yake, upande wa kwanza na wa pili. Magitaa safi, sauti safi. Nikajisifu mwenyewe.

Siku ya tatu Mzee Sayi akaja kwa miguu, amemletea mama yangu kibuyu cha maziwa ya mgando. Wakasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, akakaa kwenye kigoda na kuniambia nimpigie ile kaseti. Nikamwambia, tena huku natabasamu, kwamba ilitoka vibaya, nikaifuta na kumwekea nyimbo nzuri zaidi. Akasema niipige hivyo hivyo. Akausikiliza ule muziki wa dansi, upande mzima, mpaka kitufe kikaruka chenyewe.

"Masanja," akaniambia, "Bagika wana ngoma yao, na sisi tuna yetu. Pale katikati zinapokutana inazaliwa ya tatu, ambayo hakuna anayeipiga. Nimeisikia tangu ujana wangu, na kila nikimweleza mtu ananicheka. Nilitaka wewe uishike, nikiondoka waisikie."

Nikajitetea kwamba mimi sikujua, masikioni mwangu zilikuwa kelele tu.

"Kutojua si kosa," akasema. "Kosa lako ni kufuta usichokijua."

Akaomba maji, akanywa, akamshukuru mama, akaenda zake. Hakupaza sauti. Angenicharaza bakora ningekuwa nimeshasahau. Mvua za kwanza hazijanyesha, tukamzika, na leo hii hakuna mahali popote duniani unapoweza kuisikia sauti ya Mzee Sayi. Misimu iliyofuata nilisimama katikati ya viwanja vingi, nikitafuta ile ngoma ya tatu kama mtu aliyepoteza ndama. Sikuisikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mjukuu kweli, anaitwa Kabula, mtoto wa mwanangu Maduhu anayefanya kazi halmashauri. Kabula anauza steshenari hapa Bariadi mjini, na mimi nina meza yangu ya kutengeneza redio na simu kwenye baraza ya jengo hilo hilo. Akimaliza kuwatolea wateja fotokopi anafungua laptopu yake na kutengeneza muziki. Nasema muziki, lakini usitegemee kuimba wala kucheza. Amerekodi mashine za kuchambua pamba, kengele za ng'ombe wa jirani, mvua juu ya bati, cherehani ya mama yake. Anavivuta, anavikata, anavigeuza kinyumenyume, mpaka hujui kilikuwa nini. Mara ya kwanza nilimuuliza kama spika imeungua.

Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Taratibu nikanasa. Mwanangu, sikufichi, mimi mzee wa kucheza bao nimekuwa mtu wa kungoja Ijumaa! Albamu mpya za watu wa namna hii nyingi hutoka Ijumaa, na asubuhi hiyo Kabula hanisalimii vizuri, ananipa tu upande mmoja wa kisikilizio tuanze. Kuna moja ya binti wa nchi za baridi aliyerekodi barafu ikipasuka ziwani, inalia kama waya wa simu uliopigwa jiwe, dakika ishirini, na nilikaa nayo zote bisibisi ikiwa mkononi. Kuna kijana wa Dar es Salaam aliyeikimbiza ngoma mpaka mapigo yakashikana yakawa sauti moja ndefu, kama filimbi. Niliruka kwenye kiti. Nilimpigia simu ndugu yangu wa Mwamanyili kumweleza, akaniuliza kama nimekunywa.

Basi Kabula naye akamaliza albamu yake, nyimbo sita, akapanga itoke Ijumaa moja. Jumapili iliyotangulia familia ilikusanyika kwa Maduhu kula, akaomba atusikilizishe. Akaziweka spika mbili, moja karibu na mlango na nyingine kule dirishani, akaanza na wimbo wa tano, ule anaoupenda kuliko yote. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwenye upepo, bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mapajani. Nikasikia ngoma zinakimbia ovyo, na ngurumo ya mashine. Maduhu akacheka, akasema baba inuka utengeneze hiyo spika, imekufa. Watu wote wakaangua kicheko.

Nami nikacheka, mwanangu. Ndiyo, mimi. Nilicheka mpaka michembe ikamwagika.

Kabula akazima, akakusanya nyaya zake, akasaidia kuosha vyombo. Alhamisi asubuhi akaja mezani kwangu na diski.

"Guku, nifutie hii," akasema. Guku ndiyo babu kwa lugha yetu. "Ifute isirudi tena. Dukani tunahitaji nafasi ya picha za wateja."

Nikamuuliza nyimbo zake ziko wapi. Akasema zote ziko humo, kwenye laptopu ameshafuta, na hiyo albamu haitatoka kesho wala kesho kutwa. Alisema kwa utulivu kabisa, kama anayeagiza soda. Nikaipokea ile diski. Niliwaona wote wawili, Mzee Sayi kwenye kigoda na huyu mtoto na miwani yake.

Nikamdanganya. Nilisema lazima kwanza niipime kama ni nzima. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, ambayo nimeiunganisha na spika mbili za kujaribia, moja huku mwisho wa meza na nyingine kule mwisho. Nikabonyeza ule wa tano. Nilipokaa nikasikia kilekile cha Jumapili, ngoma za mbio, vurugu, na nikaanza kukata tamaa, maana nitamzuiaje mtoto asifute kitu ambacho mimi mwenyewe nakiona kelele? Spika ya kule ilikuwa inakwaruza, waya umelegea. Nikainuka kuukaza. Nikapita katikati ya meza.

Hapo ndipo niliposimama. Huku Bagika, kule Bagalu, na mbele yangu, hewani, mahali pasipo na spika wala mtu, kulikuwa na ngoma ya tatu. Nzito, tulivu, inazunguka, inapotea na kurudi. Nilirudi nyuma hatua moja, ikafa. Nikarudi katikati, ikafufuka. Machozi yalinitoka asubuhi kweupe, mbele ya mteja aliyeleta pasi.

Nikamuuliza Kabula ameitoa wapi. Akashangaa swali. Akaeleza kwamba mwaka huu alikwenda Lalago na simu mbili, akaacha moja kwa Bagika na nyingine kwa Bagalu, akaweka moja spika ya kushoto na nyingine ya kulia, akaondoa waimbaji, na chini yake akalaza mngurumo wa mashine za pamba.

"Pale katikati kuna kitu, guku," akasema. "Sikijui jina. Nilidhani nakisikia peke yangu."

Nikavuta kigoda, nikamkalisha, nikamweleza habari za Mzee Sayi na kaseti. Nilikuwa sijamweleza mtu yeyote, hata marehemu bibi yake, kwa aibu. Nilimweleza mpaka mwisho, pamoja na tabasamu nililotabasamu siku ile. Kisha nikamwomba radhi kwa kicheko cha Jumapili. Mzee kuomba radhi kwa mjukuu si jambo la kila siku kwetu, lakini deni la heshima nalo hulipwa. Nikamwambia diski hii siifuti, na akiipeleka kwa fundi mwingine nitakwenda kupindua meza ya huyo fundi. Akacheka, huku analia. Picha za wateja tukazitafutia nafasi kwenye diski yangu kuukuu.

Ijumaa albamu ikatoka. Wimbo wa tano ameupa jina la Mzee Sayi. Mchana Maduhu akapita barazani akitokea ofisini, tai shingoni, akataka kuanza utani wake. Nikamshika bega kama alipokuwa mtoto, nikamkalisha kwenye kigoda katikati ya meza, nikamwambia anyamaze. Binti yake akabonyeza. Maduhu alianza na uso wa kuvumilia. Baadaye akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akatazama mbele pale pasipo na kitu. Ulipoisha akalegeza tai.

"Irudie," akamwambia binti yake.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nimeilipia kwa bei ya sauti ya mtu. Ukisikia kitu kipya ukakiona kelele, kabla ya kusema kimeharibika, hama kwanza ulipokaa. Huenda umekaa mlangoni unakula michembe. Sisemi kila kipya ni kizuri; zipo albamu nimezisikiliza mpaka mwisho nikakuta ni feni mbovu tu, lakini nilifika mwisho. Na kama wewe ndiwe mtengenezaji, wakikucheka lia, kisha kunywa maji, lakini mkono usifike kwenye kitufe cha kufuta. Kicheko kinaisha Jumapili ileile. Kilichofutwa kimefutwa, mimi ni shahidi. Tena ukiitwa na mzee na kuambiwa simama mahali usipopaelewa, simama, hata kama vumbi linakuingia machoni.

Mungu akupe masikio mapana na subira ya kuyatumia. Akupe mkono mzito wa kufuta na mwepesi wa kutunza. Unachokisikia peke yako leo, akujalie mtu wa kukisikia pamoja nawe angali hai, kwa maana Mzee Sayi mimi nilimchelewesha mno. Wabeja kwa kunivumilia. Haya, sogeza hicho kigoda, kaa katikati, hapo hapo, nabonyeza.