Nyuso Sita za Njano

Kuna ule uso wa njano kwenye simu, uliofumba macho kwa nguvu na kupinda mdomo kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Enzi hizo nilikuwa naumwaga hovyo. Umeme ukikatika, nautuma. Chai ikikosa sukari, nautuma. Mchana wa mtaani kwetu Kasingirima, jua likiwa limelifanya ziwa jeupe na milima ya Kongo ikiyeyuka kule ng'ambo, nilikuwa najilaza sakafuni kutafuta ubaridi, nusu niko macho, nusu naota, na kidole kinaubonyeza chenyewe. "Huo uso umekukosea nini?" Bibi yangu, aliyenilea, aliniuliza siku moja. Nikacheka. Ujana nao, jamani!

Niliyekuwa namtumia zaidi alikuwa rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi. Miaka ile watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi, naye boti ilimshusha ufukweni Kibirizi peke yake, umri sawa na wangu. Bibi alikuwa anauza dagaa pale. Alimkuta amejikunyata karibu na chanja ya kuanikia, akampa uji, jioni tukarudi naye nyumbani. Tulilala kitanda kimoja miezi miwili. Siku moja, tukigeuza dagaa juani, aliniambia mama yake alifia njiani, akazikwa ufukweni na watu asiowajua, na yeye akapandishwa boti mchanga wa kaburi ungali mbichi. Alisema hayo macho makavu, mikono ikiendelea na kazi. Kwao, alisema, mtu mzima humeza machozi. Nikaendelea kugeuza dagaa.

Kisha akapelekwa kambini pamoja na wenzake, tukawa tunaandikiana. Yeye ujumbe wake ulianza na salamu za nyumba nzima, mpaka kuku. Mimi nyuso tu.

Basi, wiki ya harusi ya binamu yangu, fundi mmoja wa Gungu akanishonea gauni ambalo mkono haupiti hata kiwiko. Loh, nilipandwa na hasira! Nikamtumia rafiki yangu nyuso sita, halafu picha ya gauni. Nyuso zikaenda. Picha ikakwama, bando limekata. Simu nikaitupa kitandani, ikaisha chaji, na siku mbili nzima nikawa kwa fundi namtolea maneno.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa mbele ya kioo, gauni limerekebishwa, najizungusha. Mlango ukasukumwa. Mpaka leo sina hakika kama rafiki yangu alibisha hodi. Ninachokiona ni mwanga wa uani nyuma yake, kitenge alichojifunga kiunoni, miguu imejaa vumbi jekundu, na ndoo ndogo ya maharage ya mgao mkononi. Akaiweka chini, akanikumbatia kwa nguvu.

"Wihangane," akaniambia. Kwao ndiyo pole ya msiba.

Kutoka kambini bila kibali haikuwa mchezo. Ukikamatwa unawekwa ndani, na kadi ya mgao unaweza usiione tena. Alikuwa ametembea, akapanda lori, na kwenye kizuizi akamsalimia askari kwa Kiha, lugha iliyo ndugu na Kirundi chake, akapita. Yote hayo kwa sababu, kwao na kwetu, msiba hausemwi kwa simu. Unaambiwa tu uje. Nyuso sita bila neno, halafu simu haipatikani: angeelewa nini?

"Ni Bibi?" akauliza.

Bibi akatokea jikoni, mwiko mkononi. Rafiki yangu akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anamhesabu viungo. "Shikamoo, Bibi," akasema. Akanigeukia. "Sasa nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kumtafutia marehemu wa uongo, na shetani alinishauri hivyo.

"Gauni," nikasema. "Fundi aliniharibia gauni."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi mjinga nikacheka naye, nikidhani nimesamehewa. Sijui kicheko kiliishia wapi. Nilishtukia analia, kilio cha kutoka tumboni, kipaji cha uso kimegusa sakafu. Kilio alichonibebea mimi njia nzima kilikuwa kimekosa mwenyewe.

Bibi akapiga magoti kando yake. "Unamlilia nani, mwanangu?"

"Mama." Akalitaja na jina lake. Miezi miwili kitanda kimoja, sikuwahi kulisikia.

Bibi akasimama. "Huyu mama hakukaliwa matanga," akasema. "Zima redio hiyo. Tandika mkeka. Na wewe, vua hilo gauni!"

Matanga ni siku tatu. Yeye alikuwa na mchana mmoja tu, kwani kesho yake kulikuwa na uhakiki wa kadi kambini. Alirudi salama, namshukuru Mungu, lakini mchana ule hakuna aliyejua kama angerudi. Tulibandika maharage yake. Tukakaa naye mkekani, upepo wa ziwa unaingia na kutoka, naye analia bila haraka.

Jirani yetu alisikia kilio, akaja mpaka kizingitini. Nikamfuata.

"Nani amefariki?" akaninong'oneza.

"Mama yake."

"Masikini! Lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

Akanitazama, akamtazama yule pale mkekani. Akavua ndala, akaingia.